Mtoto wa Mbeba Boksi Katika Shule ya Ushuani

Mwanangu wa pili alipokuwa darasa la tatu, mwalimu aliwapa kazi siku ya kwanza baada ya likizo ya Aprili: chora ulikokwenda, kisha andika sentensi tano. Wenzake walichora milima ya theluji ya Colorado na fukwe za Cancún. Mmoja alichora mnara wa Paris. Wangu alichora toroli la Costco, duka la kununulia vitu kwa jumla, yeye amekaa ndani, mimi nasukuma. Sentensi zake tano zilitimia: tulinunua mchele, tulinunua mafuta, tulionja jibini ya bure, Baba alikutana na rafiki yake wakaongea sana, tukarudi nyumbani. Mwalimu aliiwekea nyota na kuibandika ukutani pamoja na za wengine. Niliiona siku ya kikao cha wazazi. Nikacheka kwa sauti. Kisha nikageuka nyuma kuangalia kama kuna mzazi mwingine aliyeiona.

Huko kugeuka nyuma nimeishi nako miaka kadhaa sasa, na nadhani wazazi wengi tulio ughaibuni tunakujua. Tunakaa kaunti ya Montgomery, jimbo la Maryland, pembezoni mwa Washington, mahali ambapo kaya ya kipato cha katikati inapata zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka, na ukielekea Bethesda au Potomac hapo ni habari nyingine kabisa. Mimi napakia mizigo ghalani usiku. Mke wangu anatunza wazee kwa nusu zamu huku akisomea unesi. Ndugu zetu nyumbani hutuita wabeba boksi kwa utani. Kwangu jina hilo ni maelezo kamili ya kazi. Na tulikuja kujibanza huku ushuani kwa sababu moja tu, shule.

Msomaji wa Mwanza au Morogoro atauliza: shule ya serikali si ya serikali popote? Kwetu Tanzania ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwaka, awe Masaki au Kaliua, angalau kwenye makaratasi, na mishahara ya walimu inatoka hazina moja. Marekani mambo yamepangwa vingine. Nchi imegawanywa katika wilaya za shule zipatazo 13,000, nyingi zikiwa na bodi yake kila moja, na karibu nusu ya fedha za shule inatoka hapo hapo mtaani, hasa kwenye kodi ya majengo. Nyumba zikiwa za mamilioni, shule inashiba. Zikiwa za mbao zilizochakaa, shule inafunga mkanda, hata kama wenye nyumba hizo wanajikamua zaidi.

Hilo la kujikamua si chumvi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 huko San Antonio, Texas, wilaya maskini ya Edgewood ilijitoza kodi ya majengo kwa kiwango cha juu kuliko jirani yake tajiri, Alamo Heights, ikaambulia dola 26 kwa kila mwanafunzi wakati Alamo Heights ilipata dola 333. Mzazi mmoja aitwaye Demetrio Rodriguez na wenzake wakaenda mahakamani. Mwaka 1973 Mahakama ya Juu iliamua, kura 5 kwa 4, kwamba elimu haimo katika haki za msingi zinazolindwa na Katiba ya nchi, na utaratibu ule ukaachwa usimame. Tangu hapo majimbo mengi yameongeza fedha zao kupunguza pengo, lakini msingi ni ule ule: ada ya shule ya bure imefichwa ndani ya pango la nyumba. Sisi tunalipa ada hiyo kila tarehe mosi ya mwezi.

Je, inalipa? Hapa nina bahati, maana jibu limechunguzwa kwenye kaunti yangu mwenyewe. Tangu 1974 sheria ya Montgomery inamlazimu anayejenga mtaa mpya atenge sehemu ya nyumba, kwa miaka mingi ilikuwa kati ya asilimia 12.5 na 15, kwa ajili ya watu wa kipato cha kawaida. Mamlaka ya nyumba ya kaunti inaruhusiwa kununua baadhi ya nyumba hizo na kuwapangisha maskini kabisa. Ndiyo maana unaweza kumkuta msafisha ofisi amepakana na wakili, ukuta kwa ukuta. Na kwa kuwa waombaji ni wengi kuliko nyumba, familia hupangiwa kwa bahati nasibu. Huchagui mtaa, hivyo huchagui shule.

Mtafiti Heather Schwartz akaiona hiyo bahati nasibu kuwa ni mtihani uliojitunga wenyewe. Ripoti yake ya 2010 ilifuatilia watoto 858 wa familia hizo kuanzia 2001 hadi 2007. Wengine kura iliwaangusha kwenye shule zenye maskini wachache sana. Wengine iliwaangusha kwenye shule zenye maskini wengi kiasi, ambazo kaunti ilizimwagia fedha za ziada: madarasa madogo, chekechea ya kutwa nzima, mafunzo ya walimu. Ungedhani hawa wa pili wangetangulia. Hawakutangulia. Walipofika mwisho wa shule ya msingi, watoto maskini wa shule za matajiri walikuwa wameziba nusu ya pengo la hisabati kati yao na wenzao wasio maskini wa kaunti hiyo, na theluthi ya pengo la kusoma.

Kwa nini? Nimekaa miaka kwenye hizi shule kama mzazi na nina dhana yangu. Mwalimu mzuri akifika hapa hahami. Choo kikiharibika asubuhi, mchana wazazi wanne wameshamwandikia mkuu wa shule, na wawili kati yao ni wanasheria. Mwanangu amekula faida ya barua ambazo sikuziandika mimi. Ndiyo ile jirani akifukiza udi, nawe unanukia.

Ila faida hiyo ina tarehe ya mwisho, na hapa wengi wetu tunakosea. Mwaka 1994 serikali ya Marekani ilianzisha jaribio liitwalo Moving to Opportunity katika miji mitano: Boston, Baltimore, Chicago, Los Angeles na New York. Familia zipatazo 4,600 zilizokuwa zikiishi kwenye majengo ya serikali ya mitaa maskini zilipigiwa kura, na baadhi zikapewa vocha za kulipia pango ili zihamie mitaa yenye umaskini mdogo. Kwa miaka mingi matokeo yalionekana kupooza. Mwaka 2015 mchumi Raj Chetty na wenzake walipowatazama tena watoto wale, sasa wakiwa watu wazima, waligundua kwamba umri wa kuhama ndio uliokuwa umefunika kila kitu. Waliohama kabla ya kutimiza miaka 13 walikuwa wakiingiza kipato kilichozidi cha wenzao kwa asilimia 31. Waliohama wakiwa wakubwa zaidi hawakupata faida hiyo; wengine walionekana hata kurudi nyuma kidogo.

Sasa tazama tunavyofanya sisi. Mtoto akiwa mdogo tunasema ngoja kwanza, bado anasoma a-e-i-o-u, tupange pa bei rahisi, tutume hela ya kiwanja Kibaha. Akifika miaka 15, ndipo tunaanza kuhangaika na shule nzuri kwa sababu chuo kikuu kinakaribia. Tunamng'oa mtoto katikati ya marafiki zake, tunampeleka mahali ambapo kila mtu anajuana tangu chekechea, kisha tunashangaa amekuwa bubu. Kama fedha zinatosha kuhamia ushuani mara moja tu, nenda mapema na umalizie pa bei rahisi ikibidi. Najua ushauri huu unakwenda kinyume na desturi yetu ya kuona elimu halisi inaanzia sekondari.

Hadi hapo nimesifia. Sasa upande wa pili wa hesabu, ambao hauonekani kwenye ripoti za alama.

Marekani inao msaada mwingi kwa watoto maskini, lakini msaada huo umezoea kuwatafuta maskini pale wanapokaa wengi. Sheria ya elimu ya 1965, sehemu yake inayoitwa Title I, inapeleka fedha za nyongeza kwenye shule zenye watoto wengi wa kipato cha chini. Mtoto yule yule akihamia shule ambayo maskini ni mmoja kwa kumi, fedha haimfuati. Chakula ni hivyo hivyo. Kuna utaratibu uliotokana na sheria ya 2010 unaoiruhusu shule yenye idadi kubwa ya watoto maskini kulisha watoto wote bure bila mzazi kujaza fomu yoyote. Kiwango kilikuwa asilimia 40 ya wanafunzi, mwaka 2023 kikashushwa hadi 25. Maana yake ni kwamba mtoto maskini katika mtaa wa maskini anakula bila kuulizwa yeye ni nani. Mtoto maskini katika mtaa wa matajiri, mzazi wake mara nyingi hana budi akae chini, aandike mshahara wake, aombe.

Na mstari wa kuomba ni mmoja kwa majimbo 48, kana kwamba pango la Bethesda na pango la kijiji cha Mississippi ni ndugu. Mwaka wa masomo wa 2024/25, familia ya watu wanne ilipata chakula cha bure ikiwa mapato yake hayakuzidi dola 40,560 kwa mwaka, na cha bei ya punguzo hadi dola 57,720. Ukiwa ulipata dola 60,000 katika kaunti hii mwaka ule, hesabu ya serikali ilisema umejitosheleza. Mwenye nyumba wako anajua zaidi.

Mwaka wa kwanza binti yangu alipoingia shule ya kati, 2022, sikuijaza fomu ile. Miaka miwili ya korona watoto wote wa nchi hii walikula bure, fomu ilikuwa imelala, nami nilikuwa nimeusahau ule uzito. Ruhusa hiyo ilipokwisha katikati ya 2022, majimbo machache kama California na Maine yaliendelea kuwalisha wote kwa fedha zao. Sisi tukarudi kwenye fomu. Niliifungua kwenye simu nikiwa mapumziko ya zamu, saa tisa usiku, nikaisoma yote, nikaifunga. Nilijiambia tutamfungashia mtoto chakula cha nyumbani, tena bora kuliko ule mkate wao mlaini. Ni kweli ni bora. Lakini zamu zinajua kuvuruga mipango, na siku nyingine hakukuwa na cha kufungasha. Binti akawa anarudi saa tisa alasiri, anakwenda moja kwa moja kwenye sufuria. Nikimuuliza kama amekula shuleni anasema hakusikia njaa.

Mwezi wa pili ndipo nikaelewa. Alikuwa anasoma salio la akaunti yake ya chakula kwenye simu ya mama yake, na likifika chini anaacha kununua ili asituletee deni. Miaka kumi na moja, tayari ni mhasibu.

Siri ya mtungi muulize kata. Nilidhani naificha hali yetu kwa majirani. Yeye alikuwa anajua senti zote na alikuwa akinisaidia kuificha. Na la kuchekesha, ukitaka kucheka, ni kwamba sheria ya chakula cha shule inakataza mtoto anayekula bure kutambulishwa kwa namna yoyote. Watoto wote wanapita kwenye mashine ile ile, wanabonyeza namba zao, trei ni zile zile. Mwenzake wa Potomac asingejua kamwe. Aibu niliyokuwa nikiikimbia kantini nilikuwa nimeikalisha jikoni kwangu.

Watu wa pwani tuna neno zuri sana, sitara. Mtu mwenye staha hamwagi matatizo yake barabarani. Anavaa kanzu iliyopigwa pasi, anakula muhogo ndani mlango umefungwa. Nimelelewa hivyo na sitaki kulidharau. Ila sitara ya mtaani kwetu ilikuwa ya pande mbili. Wewe ulijifunika, na jirani, kwa kuwa alikujua, alikutumia kisahani cha futari bila kuuliza. Na shule za bweni walizosoma wazee wetu, Tabora, Mzumbe, Kilakala, zilikuwa na sitara yake ya lazima: sare moja, sufuria moja la maharage. Mtoto wa mkuu wa mkoa na mtoto wa mvuvi walijulikana siku ya kutembelewa tu. Huku ughaibuni tumebeba nusu yetu ya sitara, ile ya kujifunika, na nusu ya jirani hatukuikuta. Jirani yangu ni mtu mwema kabisa. Hajui tu, na mfumo mzima umepangwa ili asijue.

Ndiyo maana siwaungi mkono wazazi wenzangu wa aina mbili. Kuna anayechukua zamu ya tatu ili mtoto avae viatu vya dola 180 asionekane wa chini. Mtoto anavaa viatu, baba hamwoni wiki nzima. Halafu kuna yule anayemwambia mtoto kwamba wale matajiri wana fedha lakini hawana upendo. Huo ni uongo, na mtoto atakaribishwa nyumbani kwa mwenzake siku moja, atamkuta mama mpole amewatengenezea chokoleti ya moto, na tangu hapo hatakuamini hata ukimwambia mvua inanyesha. Mimi sasa naweka mezani. Mshahara huu, pango hili, gari hili, kiasi hiki kinaenda nyumbani, kilichobaki ni hiki, safari ya shule ya dola 90 inaingia au haiingii. Isipoingia, kwenye barua nyingi za shule huwa kuna mstari mdogo chini: mwenye shida ya malipo awasiliane na mwalimu. Tunawasiliana. Mara zote wamelipa, na hakuna aliyeuliza swali la pili.

Kuna jambo jingine linalonisumbua kuliko chakula, nalo ni nani anakaa na nani. Mwaka 2022 Chetty na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature uchunguzi wa urafiki bilioni 21 kwenye Facebook. Walikadiria kwamba mtoto maskini akikua mahali ambapo ana marafiki wenye nazo kwa kiasi kile alichonacho mtoto wa tajiri, kipato chake cha ukubwani kingepanda kwa takriban asilimia 20. Sehemu inayonihusu ni hii: karibu nusu ya upungufu wa urafiki huo unatokana na maskini na matajiri kutokuwa mahali pamoja. Nusu nyingine inatokea wakiwa pamoja, jengo moja, na bado hawajuani. Na hali hiyo ni mbaya zaidi kwenye shule kubwa, na zile zinazowagawa wanafunzi kwa madaraja ya masomo.

Shule za ushuani zinapenda sana kugawa. Mlango wa mbele ni mmoja, lakini ndani kuna shule mbili, na njia panda iko kwenye hisabati. Mtoto anayetaka kufika kalkulasi, ile hisabati ya juu, akimaliza sekondari, darasa la 12, kwa kawaida anapaswa awe amesoma aljebra kufikia darasa la nane. Ili awe tayari kwa aljebra darasa la nane, mtu lazima amwingize kwenye kundi la mbio tangu darasa la tano au la sita. Wazazi wenyeji wanalijua hili kama sisi tunavyojua msimu wa maembe. Sisi tunaletewa karatasi yenye maneno laini kwamba mtoto wako amewekwa kwenye kundi linalomfaa, tunashukuru, tunasaini. Kuanzia hapo mtoto wetu atapishana na watoto wa matajiri kwenye korido tu kwa miaka saba.

Kwa hiyo swali langu siku ya kikao limebadilika. Zamani niliuliza kama ana adabu. Siku hizi nauliza yuko kundi gani la hesabu na kundi la juu linahitaji nini. Kama Kiingereza chako hakijanyooka, omba mkalimani wa Kiswahili. Shule ina wajibu wa kuwasiliana nawe kwa lugha unayoielewa, na mara nyingi mkalimani yuko kwenye simu tu. Usimfanye mtoto akutafsirie kikao kinachomhusu mwenyewe. Nimeona kijana mmoja akitafsiri "hafanyi kazi za nyumbani" kuwa "anaendelea vizuri", na sauti haikutetereka.

Utafiti huo huo uliona pia kwamba urafiki wa kuvuka tabaka hushika kwa urahisi zaidi kwenye nyumba za ibada. Nilipoisoma nilijikuna kichwa. Sisi Jumapili tunaendesha gari dakika hamsini kufuata ibada ya Kiswahili, tukipita makanisa tisa ambamo wanafunzi wenzake mwanangu wanasali. Nimelifikiria sana. Tutaendelea kuendesha hizo dakika hamsini, maana mtoto anayeimba tenzi kwa lugha ya bibi yake ana utajiri wa aina nyingine ambao watafiti hawakuuhesabu. Nataka tu nijue ninacholipia.

Sasa niseme juu ya anwani. Kwetu, mtoto kwenda kukaa kwa shangazi mjini ili asome shule nzuri ni jambo la kila siku. Nusu ya wasomi unaowafahamu walilelewa kwa mjomba. Hakuna aliyewahi kumwita mjomba mhalifu. Basi familia inafika Ohio au Texas, inakaa mtaa wenye shule dhaifu, na kaka yao anaishi wilaya ya pili yenye shule nzuri. Kitu cha kwanza kinachokuja kichwani ni kumwandikisha mtoto kwa anwani ya baba mkubwa. Mama mmoja kutoka Bukavu aliniambia hivyo waziwazi: mtoto wa kaka yangu ni wangu, na wangu ni wake, sasa udanganyifu uko wapi?

Udanganyifu uko kwenye sheria. Mwaka 2011 huko Akron, Ohio, mama Mmarekani mweusi aitwaye Kelley Williams-Bolar alihukumiwa kwa kughushi nyaraka, kwa sababu aliwaandikisha binti zake wawili katika wilaya ya shule ya Copley-Fairlawn akitumia anwani ya baba yake mzazi, ambaye kweli alikuwa anaishi huko. Babu yao kabisa. Alilala jela siku tisa. Baadaye mwaka ule gavana wa Ohio, John Kasich, alipunguza makosa yake kuwa madogo, lakini ujumbe ulikuwa umeshafika kila nyumba. Kuna wilaya tajiri zinazotuma watu kufuatilia mtoto anakolala. Ukiwa na hati za ukaazi zisizotulia, jambo kama hilo si la kuchezea, na ningemwambia yeyote aachane nalo.

Lakini kuna mlango halali ambao watu wetu hawaujui. Sheria ya McKinney-Vento ya 1987 inawalinda watoto wasio na makazi ya kudumu, na kwa sheria hiyo kukosa makazi si kulala chini ya daraja peke yake. Familia iliyopoteza nyumba au iliyoshindwa kulipa pango, ikajibanza sebuleni kwa ndugu, inahesabika. Mtoto huyo ana haki ya kuandikishwa mara moja hapo alipojibanza, hata kama hana karatasi zote, au kubaki kwenye shule yake ya awali na kupewa usafiri. Kila wilaya ina ofisa wa kushughulikia hilo. Wakongo, Warundi, Watanzania, ni wangapi tumeanza maisha ya hapa kwenye sofa la mtu? Wengi wetu tulikuwa na haki hiyo bila kuijua, kwa kuwa hakuna Mswahili anayekubali kujiita hana makazi wakati yuko kwa ndugu yake.

Kila baada ya miaka mitatu, tukijaliwa, tunakwenda Tanga mwezi wa saba. Hapo ndipo kichwa cha mwanangu kinapozunguka. Uwanja wa ndege tunapokewa na gari mbili. Baba yake, ambaye Maryland hakodi hata filamu, huku analipia mbuzi, analipia bili ya hospitali ya mjomba, anaachia noti kwa kila anayemwita "mwanangu". Binamu zake wanamgusa viatu. Wiki tatu yeye ni mtoto wa tajiri, kisha anapanda ndege na kushuka maskini. Mara ya mwisho aliniuliza kwenye foleni ya pasipoti ni lipi kati ya hayo mawili lilikuwa la kweli. Nilimjibu kwamba yote, na kwamba moja linalipiwa na lingine. Sina hakika alielewa. Mimi mwenyewe naelewa siku nyingine na siku nyingine sielewi.

Sasa fomu ya chakula naijaza kila mwaka. Mwaka huu binti yangu alisema ataijaza yeye, mimi nimtajie tarakimu tu. Tukakaa mezani, mchele uko jikoni. Idadi ya watu nyumbani, wanne. Mshahara wa baba kabla ya makato. Mshahara wa mama kabla ya makato. Mapato mengine, hakuna. Akashuka hadi chini ya ukurasa, akapanda juu, akashuka tena.

"Baba, ile ya Bibi tunaiandika wapi?"

Nikamwambia haiandikwi popote.

Akaitazama skrini kidogo, akabonyeza kutuma, akaenda kufunua sufuria.